Shamba Namba 214 Linataka Jina Moja

Mashine ya Kusaga,
Senta ya Skimu,
S.L.P. 41.

Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa Kaka,

Jumanne iliyopita, tarehe nne, tulipoteza hati ya shamba la baba. Mwenyekiti wa baraza la ardhi aliifuta tukiwa tumekaa mbele yake, na tangu siku hiyo shamba namba 214, ekari zote kumi na mbili pamoja na nyumba, kisima na kaburi, liko mikononi mwa bodi ya makazi. Mama analala mle ndani kwa hisani ya bodi mpaka mwisho wa mwezi huu.

Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua. Barua ikianza na salamu nyingi unaiweka juu ya kabati uisome ukipata nafasi. Sasa umeshaianza, basi imalize.

Haya, shikamoo kaka. Habari za huko na kazi ya kiwandani? Wifi hajambo? Mguu wake ule uliokuwa unavimba akisimama sana, umepata nafuu? Watoto nao naambiwa wamerefuka, na wa kwanza anavaa viatu vyako bila kukuomba. Mungu awakuze.

Sisi huku ni wazima wa kuamka na kufanya kazi. Mama presha yake inapanda na kushuka, ila anakula na bado anatusema wote bila upendeleo. Shemeji yako yuko kwenye karakana yake ya useremala, mgongo tu ndio unamkorofisha. Mashine yangu inasaga. Mwezi wa tano nilibadilisha mota. Jenereta, mdogo wetu, hajambo, na usingizini bado anatoa ule mngurumo uliompa jina.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nimepiga. Simu ina kitufe cha kukata, barua haina. Tena jambo lenyewe ulilisikia kwa vipande, kipande kutoka kwa baba mdogo, kipande kutoka kwa Jenereta, na wote wawili unajua wanavyosimulia. Nitalipanga lote kuanzia mwanzo, tuwe tunazungumzia kitu kimoja.

Unakumbuka kikao cha baada ya mazishi, miaka tisa iliyopita. Tulikuwa sebuleni, viti vya kuazima bado havijarudishwa. Mama aliuliza nani aende ofisi ya bodi kutoa taarifa kwamba mwenye shamba amefariki. Wewe ndiye uliyesema asiende mtu. Ulisema tutazame yaliyowapata watu wa shamba namba 209, ambao walizika Jumamosi, wakaripoti Jumatatu, na kabla mwaka haujaisha shamba likawa la dereva mmoja wa lori ambaye hakuna aliyemfahamu. Ukasema mkopo wa shamba bado unadaiwa, hati haijatoka, na bodi ikijua mzee hayupo itatufagia kama takataka. Wote tuliona una akili. Hakuna aliyebisha, hata mimi ninayebisha kila kitu.

Basi baba akabaki hai ofisini. Wala hatukuwa peke yetu. Kaka, katika skimu hii ya makazi nusu ya waliolala chini ya saruji bado wanalipa mkopo, wanaalikwa mikutanoni, na mmoja alichaguliwa mjumbe wa kamati ya maji. Kila nyumba inajua siri ya nyumba nyingine, na kila mmoja ananyamaza kwa sababu na yeye ana wake.

Wewe ukarudi kazini kwako. Sisi tukabaki kumtunza marehemu. Kila mkaguzi alipopita kuhakikisha kwamba mwenye shamba anaishi humo na analima, maana ndiyo masharti ya skimu, mama alisema mzee amelala, amezidiwa na kifua. Baba mdogo alikuwa akikaa chumbani nyuma ya pazia na kukohoa kwa niaba ya kaka yake. Alikohoa vizuri sana. Mkaguzi mmoja alileta dawa ya kikohozi kutoka mfukoni mwake, na baba mdogo aliinywa yote ili chupa ionekane imetumika.

Awamu za mkopo nazo zikaendelea, mbili kila mwaka, kwa jina la baba. Zilikuwa arobaini kwa jumla. Baba alilipa ishirini na mbili akiwa na pumzi. Zilizobaki ni kumi na nane. Nitazirudia baadaye, kwa sasa jua tu kwamba zote zililipwa, na hakuna hata moja iliyochelewa.

Na hapo ndipo tulipojichongea. Mwaka huu skimu imetimiza miaka ishirini, na bodi ikatafuta wakazi wa kuwapongeza. Wakapekua wakakuta wakulima watano tu ambao hawajaruka awamu hata moja. Baba akawa wa kwanza. Mtu ambaye kwa miaka tisa hajashika jembe akatangazwa mkazi bora wa skimu nzima.

Mwezi wa tatu aliitwa kwenda kupokea hati yake jukwaani. Mama akaenda badala yake, akasema mzee hawezi kutembea. Mkuu wa bodi, mtu wa heshima zake, akaguswa. Akasema mtu kama huyo hapelekewi hati na mke wake, atapelekewa na yeye mwenyewe. Mama alirudi nyumbani hana hati wala sauti.

Wakaja Alhamisi iliyofuata, mkuu wa bodi, mpiga picha, na blanketi jipya limefungwa kwa utepe. Mimi niliitwa mbio nikatoka mashineni na unga mpaka kwenye nyusi. Nilipofika, mkuu ameshauliza mzee yuko wapi. Jenereta akajibu kwamba amepelekwa hospitali, na baba mdogo, papo hapo, akajibu kwamba amelala ndani. Mkuu akamtazama huyu, akamtazama yule. Nafikiri alidhani tunamficha mzee kwa sababu nyumba ina aibu ya umaskini, maana alisema kwa upole kwamba hata yeye kwao kuna nyumba ya udongo.

Mpiga picha ndiye aliyemaliza kazi. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anatafuta mahali safi pa kutupanga ili mahindi yaonekane nyuma, akaona ile saruji yetu, akasema tusogee pale. Alipofika akainama, akavua kofia.

Mkuu akamfuata, akasoma jina, akasoma tarehe. Tarehe ile, kaka, niliikoroga saruji yake mwenyewe na shemeji yako akaichonga kwa msumari, imeiva vizuri, hata kipofu angeisoma kwa kidole. Akageuka kwa mama.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ndiye huyo mliyemletea blanketi," mama akasema.

Hakufoka. Aliacha blanketi, akaondoka na hati. Wiki mbili baadaye tukapata wito wa baraza.

Yaliyotokea barazani ulielezwa na baba mdogo kwamba tulionewa. Hatukuonewa, nilikuwepo. Wakili wetu alisimama akasema mkopo umelipwa wote, watoto wapo, mjane yupo, kosa liko wapi. Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni, anaongea taratibu kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Alisema hati ya skimu hupewa mtu aliye hai, anayeishi shambani na kulilima. Baba hakuwa hai siku hati inaandikwa. Kwa hiyo hati ile tangu mwanzo ilikuwa karatasi, na kitu ambacho baba hakukipata hawezi kuturithisha.

Nikanyoosha mkono. Wakili alinivuta kitenge nikae, sikukaa. Nilimuuliza mwenyekiti hizo awamu kumi na nane zimekwenda wapi. Akaniambia hazijapotea. Mkopo ni wa shamba, na shamba limelipiwa. Yeyote atakayethibitishwa atalichukua likiwa halidaiwi. Kuwepo kwa jina la marehemu ndiyo shida, malipo hayana shida.

Nikamuuliza tena kuhusu watu wa 209, mbona wao waliripoti siku mbili tu baada ya kuzika wakanyang'anywa. Hili nataka ulisikie vizuri, maana ndilo tulilolijengea miaka tisa ya kukohoa. Alisema hawakunyang'anywa kwa kuripoti. Walipewa miezi sita walete jina moja la mrithi, lililokubaliwa na familia nzima. Wana watatu wakaleta majina matatu. Wakapewa nafasi ya pili, wakaleta mawili. Shamba likatangazwa.

"Ninyi mngeripoti, dada," akaniambia, "mngepata miezi sita kama wao. Mmeficha, mtapata mpaka mwisho wa mwezi."

Nilikaa bila kuvutwa.

Basi sheria yenyewe ndiyo hii, nami nimeisomewa mara mbili na wakili ili nisikosee. Shamba la skimu haligawanywi likashuka chini ya ekari kumi. Letu ni kumi na mbili. Kwa hiyo zile nne za kwako, nne zangu na nne za Jenereta, tulizozipima kwa kamba ya kuchotea maji siku ya arobaini, kwa bodi hazipo. Ni michoro yetu wenyewe. Litabaki shamba moja, na litaandikwa jina moja.

Mwenye jina hilo lazima aishi humo na alime. Asiwe na mtu wa kumlimia huku yeye anaishi mahali pengine, hilo mwenyekiti alilisema akimtazama baba mdogo, sijui kwa nini.

Na lazima mama na watoto wote watatu watie sahihi kulikubali jina hilo. Sahihi tatu kati ya nne hazitoshi. Zisipotimia nne, shamba linatangazwa kwa wanaosubiri, na wanaosubiri, alivyotusomea karani, ni watu mia tatu na kumi na sita.

Asubuhi ya siku ya pili yake nikamwambia mama aandikwe yeye, ndiye mjane, sheria inamruhusu, tuishie hapo. Mama alikuwa anapepeta mahindi, hakuacha kupepeta.

"Nimekuwa mke wa mtu aliyekufa nyumbani na yuko hai ofisini. Inatosha. Mkiniandika mimi, nikifa mtanikoholea na mimi. Andikeni mtu atakayelala hapa."

Nilijaribu tena jioni, akaniambia nikimsumbua ataenda kulala kwa dada yake. Kwa hiyo mama amejitoa, na sahihi yake atampa yeyote tutakayekubaliana.

Jenereta nilidhani atataka. Alikaa siku moja akifikiri, jambo ambalo lilitutia wasiwasi, kisha akasema yeye ni mtu wa pikipiki, akilala shambani mwezi mzima ataugua. Anachotaka ni sehemu ya kulima mahindi yake na mahali pa kujenga akioa. Ameshatia sahihi jina langu.

Ikabaki wewe. Ijumaa ukamtumia baba mdogo ujumbe wa sauti, naye akauleta mashineni tuusikilize. Jenereta akauongeza sauti. Ulisema wewe ndiye mkubwa, lisiandikwe jina la mtu yeyote mpaka uje. Ukasema tukishindwana tugawane tu, kila mtu na ekari zake nne, na zako unajua utakachofanya nazo. Ukasema pia kwamba shamba la ukoo halipelekwi kwenye nyumba ya mwanamke aliyeolewa.

Walikuwepo wateja wanne na madebe yao. Mwuza mkaa, yule mwenye jino moja la dhahabu, aliuliza, "Huyu kaka yenu anakuja na usafiri gani? Maana tangu nianze kusaga hapa yuko njiani."

Watu walicheka. Mimi nilizima mashine nikasingizia mkanda umelegea, nikaukaza mkanda ambao ulikuwa umekaza. Wewe ni kaka yangu, sipendi uchekwe kwenye mashine yangu.

Kuhusu hizo ekari zako nne. Ulimkodishia mfyatua matofali, kwa simu, bila kutuuliza. Sisemi kwamba hukuwa na shida, pengine ulikuwa na ada za shule. Ila amechimba. Watu wa bodi walipokuja kukagua walihesabu mashimo saba, mawili yana maji ya kuzamisha ndama. Kule ulikong'oa visiki hakuna tena udongo wa kuotesha hata nyasi. Mwenyekiti alipouliza mashimo ni ya nani, baba mdogo akashikwa na kikohozi, na safari hii kilikuwa chake mwenyewe. Nilijibu kwamba ni ya familia. Nilikubebea hilo bila kukuambia, leo nakuambia.

Nimetaja visiki, basi niwe mkweli. Uling'oa wewe. Tulipofika hapa palikuwa msitu wa miiba, baba ana shoka moja, wewe una umri wa miaka ishirini na minne na mgongo wa chuma. Upande wote wa magharibi, mpaka kwenye korongo, ni jasho lako, na mikono yako ilitoka damu mpaka mama akakufunga vitambaa. Sijasahau, na mtu akisema hapa huna haki, mimi wa kwanza nitamjibu. Miaka kumi ulilima na baba, kabla hujaenda kiwandani. Hiyo ni miaka mingi.

Lakini na mimi nina yangu. Katika zile awamu kumi na nane, wewe ulituma moja, mwaka ule wa kwanza, na tulishukuru. Jenereta alilipa moja, aliuza baiskeli. Kumi na sita zimetoka kwenye madebe ya unga. Unajua nilianza na nini: kinu cha kukodi, na kibanda ambacho mvua ikinyesha nilikuwa nafunika mashine kabla ya kumfunika mtoto. Mwaka ule wa ukame, watu hawana mahindi ya kusaga, niliuza cherehani yangu nikalipa awamu ya nane. Shemeji yako hakuniuliza cherehani iko wapi, alinitengenezea kabati pale ilipokuwa ikikaa.

Sikudai hata senti. Ningetaka kudai ningekuletea hesabu, na mimi hesabu huwa hazinipotei. Nakueleza ili ukisema ni shamba la ukoo, ujue ukoo huo ulikuwa unasimama wapi wakati wa kulipa.

Na hilo la mwanamke aliyeolewa nimelipeleka kwa mwenyekiti, nikamuuliza mbele ya baba mdogo kama lina uzito. Akasema bodi haiulizi mtu ameolewa na nani, inauliza analala wapi. Baba mdogo akasema dunia imeharibika. Kisha akaniomba lifti ya kurudi nyumbani.

Ninachopendekeza ni hiki. Jina liandikwe langu. Mimi na shemeji yako tutahamia shambani. Ameshapima mahali pa kuweka meza zake za useremala, na mashine ataiendesha binti yangu. Mama atabaki kwenye nyumba yake, ufunguo mkononi mwake, mpaka Mungu atakapomwita. Jenereta atalima anapolima sasa na atajenga karibu na barabara. Chumba chako cha kona kitabaki chako, ukija na familia mna pa kulala bila kubisha hodi. Mfyatua matofali ataondoka, na mashimo tutayafukia kidogo kidogo.

Najua utasema maneno ni rahisi, nikishaandikwa nitauza. Nimemwambia wakili aandike ahadi kwamba sitauza wala kuweka rehani bila sahihi zenu watatu, na nitaisaini mbele ya mwenyekiti siku ileile nitakayothibitishwa. Ameshaiandika. Nakala yake iko ndani ya bahasha hii, isome kabla hujakasirika.

Na kama unalitaka wewe, kaka, lichukue. Nasema hivyo kwa moyo mmoja, ingawa nitakuwa nimenuna. Njoo na wifi na watoto, mlale hapa, mlime hapa. Mwenyekiti amesema mwombaji lazima afike mwenyewe ofisini, na mkaguzi atapita baada ya mwezi na baada ya mwaka kuangalia kama mpo kweli. Ukija hivyo, mama atasaini, Jenereta atabadilisha sahihi yake, na mimi nitasaini shingo upande, lakini nitasaini. Mama abaki kwake na kaburi lisisogezwe, hayo mawili tu ndiyo nitakayokuomba. Afadhali wewe kuliko dereva wa lori.

Tusichoweza kukifanya ni kile cha katikati. Uwe mwenye shamba huku unaishi huko, haiwezekani. Tugawane, haiwezekani. Tusubiri uje tuongee, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyowamaliza wa 209. Mkubwa wao, nimeambiwa na mjane wao mwenyewe, siku zote alikuwa anakuja mwezi ujao. Mjane huyo sasa anapanga chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya baiskeli, huku senta. Huwa anakuja kusaga kilo mbili mbili, na anapima mwenyewe kwa sababu hamwamini mtu tena.

Mama alimpita mjane huyo juzi. Tangu siku hiyo ameanza kufunga vitu. Ameteremsha picha ya baba ukutani, ameifunika kwa lile blanketi. Nimemkuta anafunga na sufuria. Nilimuuliza anakwenda wapi, akasema haendi popote, anapunguza vumbi. Kaka, ana miaka sitini na tatu. Msitu ule alifyeka na mtoto mgongoni, na mtoto huyo ni Jenereta. Sitaki apate kujua kwamba atatolewa kwa sababu watoto wake wamekosa kukubaliana.

Ndani ya bahasha nimekuwekea karatasi mbili. Moja ni ya kukubali jina langu, nyingine ni ya kuomba wewe mwenyewe. Nimeziweka zote mbili kwa makusudi, usije ukasema nilikusukuma. Tia sahihi moja mbele ya hakimu au wakili yeyote wa huko, akugongee muhuri. Ile ya kukubali itume kwa basi la usiku, niandikie namba ya kifurushi, nitakuwa stendi kabla basi halijazima injini. Ile ya kuomba usiitume. Ilete mwenyewe.

Nyingine ichane.

Nisalimie sana wifi, mwambie mafuta ya mguu niliyomwahidi nitayatuma kwa mkono wa mtu, nisiyachanganye na habari hizi. Wasalimie wanangu wote, na huyo wa viatu mwambie shangazi yake anasema shamba lina mahindi ya kuchoma mengi kuliko huko mjini, akija atashiba. Mama anakusalimu, amesema nisiandike kingine zaidi ya hapo, kwa hiyo siandiki. Jenereta anakusalimu. Baba mdogo naye anakusalimu, na anaomba usimwambie mtu kwamba yeye ndiye aliyeuleta ule ujumbe mashineni. Shemeji yako amesema ukija, kwa vyovyote vile, kitanda chako cha zamani amekikaza miguu.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, aibariki mikono iliyong'oa visiki, na akupe moyo mwepesi wa kuamua. Mimi nimekukasirikia na ninakupenda, na vyote viwili vimekaa vizuri tu, havigombani.

Ofisi ya bodi inafunga Ijumaa tarehe ishirini na nane, saa kumi jioni, na karani ameniambia haongezi hata dakika ya kunywa maji. Kabla ya saa hiyo nataka neno moja kutoka kwako: unarudi kuishi hapa, au hurudi?

Dada yako wa damu, anayekungoja,

Mama wa Mashine